Kitatange na Kiwiko Changu

Enzi za Waingereza, nilipokuwa nikifanya kazi katika studio ya picha mjini Moshi, nilitumwa Tanga kupiga picha za samaki wa miambani, nikizamia na mtungi wa hewa mgongoni. Kamera ilikaa ndani ya kisanduku cha chuma chenye kioo. Siku ya mwisho nilimfuata kitatange, samaki bapa mwenye milia. Kila nilipomlenga aliingia pangoni. Nikashuka, nikashuka tena. Hewa ilipokaribia kwisha niliibuka haraka kuliko kitabu cha wazamiaji kilivyoagiza.

Jioni ileile nilipanda treni. Njiani kiwiko cha kushoto kilianza kuuma, na kadiri tulivyoiacha pwani ndivyo kilivyozidi. Kitabu kilieleza kwamba hewa huweza kubaki mwilini kama mapovu, na kwamba mzamiaji asikimbilie mahali pa juu. Hakikueleza mtu ambaye kwao ni mlimani afanye nini.

Mke wangu alinisubiri stesheni amevaa gauni la kanisani. Siku hiyo wazee wa ukoo walikuwa wanatugawia kihamba, shamba letu la migomba na kahawa, mimi na kaka yangu.

"Lori linangoja, baba watoto."

"Siwezi kwenda juu. Kiwiko."

"Kwani unatembelea kiwiko?"

Nilimweleza. Aliutazama mkono; haukuwa na jeraha wala uvimbe. "Kaka yako hataweka mpaka kwenye kiwiko chako. Atauweka katikati ya migomba yetu."

Mimi mwenyewe sikuwa na hakika. Huenda kisanduku kizito ndicho kilichonichosha mkono, nami ningepoteza shamba bure. Huenda sivyo, na huko juu ingefuata miguu, kisha pumzi. Nikaukunjua mkono. Maumivu yakaja yaleyale.

Kando ya stesheni palikuwa na ua wa masale, mimea ya majani marefu tunayoiheshimu. Nilichuma jani, nikalifunga fundo, nikampa. Kwetu, anayeombwa kwa isale hakatai kirahisi.

"Waombe wangoje."

"Isale kwa ajili ya samaki!" alisema. Lakini alilifunika kwa khanga, akapanda lori.

Nilijihifadhi kwa rafiki aliyeishi Rau, huku chini. Nilikaa mlangoni nikichezesha vidole kimoja kimoja, nikiutazama mlima uliofunikwa na mawingu, nikiwaza mpaka unapita wapi sasa. Kesho yake maumivu yalipungua, na mke wangu akashuka.

"Wamelipokea," alisema. "Kaka yako amenuna, lakini wanakungoja. Wanataka kumwona huyo samaki."

Filamu ilikuwa bado begini, haijasafishwa. Nilihofu kwamba humo mna mkia tu.