Mama Pea Apimwa Damu ya Macho

Siku Mama Pea alipomuuzia mwalimu kiatu kimoja cheusi na kingine cha bluu iliyokoza, soko zima lilicheka. Mwalimu alirudi amevivaa makusudi. "Mama, hawa ulioniuzia ni ndugu wa baba mmoja, mama mbalimbali!" Mama Pea naye akacheka, akambadilishia, akasingizia giza la mvua. Lakini mtu aliyesomesha watoto kwa viatu vya mitumba hakosei rangi. Ukweli aliujua mwenyewe: katikati ya kila alichokitazama palikuwa na doa, kama kidole kilichobandikwa kwenye kioo.

Bintiye mkubwa akampeleka kliniki.

"Naenda, ila sikai," alisema. "Meza haijiuzi."

Mpimaji, dada mmoja mpole, alimlaza, akamfumbisha macho, akampaka jeli ya baridi juu ya kope.

"Sasa ndiyo nini, mwanangu? Wanipaka mafuta kama kichanga?"

"Tulia, mama. Kifaa hiki kinatuma mawimbi ya sauti. Tunasikiliza damu inavyokwenda nyuma ya jicho."

Wakaisikia. Shwaa... shwaa... kama mtu anayefagia uwanja huku amechoka. Kifaa kikahamia jicho la pili. Fagio lilelile, uchovu uleule. Aliyezoea kusikia bei ikishuka kwenye sauti ya mtu hakungoja kuambiwa.

Daktari hakuzunguka. Utando wa nyuma ya jicho unakufa katikati kwa uzee, macho yote mawili, na damu ya kuulisha inapita kwa kusuasua. Pembeni ataendelea kuona. Kusoma na kutambua sura, hapana.

"Basi tuelewane," Mama Pea akasema, akisogeza kiti. "La kulia limeshachakaa, lichukue. Niachie la kushoto."

Daktari akatikisa kichwa.

"Hata nusu yake, daktari. Mimi si mteja msumbufu."

"Mama, kilichokwenda hakina dawa ya kukirudisha. Sina cha kukuuzia."

Mama Pea akarudisha kiti mahali pake. Alishakutana na wauzaji wagumu, waongo, wenye kiburi. Asiye na bidhaa hakuwahi kukutana naye.

Wiki ileile akamwita muuza mikanda, jirani aliyeitamani nafasi yake sokoni miaka nenda, miaka rudi. Jamaa akataja bei ya meza. Bei ya kwanza ni salamu tu. Jibu lake huonekana kwenye uso wa aliyeitaja. Mama Pea akamkazia macho. Palipokuwa na uso pana doa. Akageuza kichwa amwibie jicho kwa pembeni, akaambulia ukungu wenye masikio.

"Mbona kimya, mama? Nimekukera?"

"Umetaja ya haki?"

"Haki ya Mungu."

Bintiye, aliyekaa kando yake, akamfinya kiuno: pandisha!

"Sawa," akasema Mama Pea, akatoa mkono.

Muuza mikanda, aliyekuja amejiandaa kubishana hadi jioni, akabaki ameushika mkono ule, hajui auachie vipi.