Korongo Aliyesimama Hadi Mia

Harufu ya sponji ya godoro iliyolowa jasho kisha ikaanikwa juani hunirudisha Jinja kabla sijapata muda wa kukataa. Ni harufu nzito ya chumvi na vumbi, yenye kitu kama manyoya ya kuku aliyetoka kumwagiwa maji ya moto. Kila Jumatatu asubuhi ilitoka nyuma ya stoo ya bustani ya michezo iliyokuwa karibu na mto, mahali ambapo korongo alianikwa vipande vipande: kichwa juu ya nguzo, mabawa kwenye waya, miguu ikining'inia juu ya ua wa michongoma. Hakuwa korongo wa kweli. Lilikuwa vazi la mtu mzima, limeshonwa kwa sponji na kitambaa cha kijivu, na utosini pamechomekwa njiti za ufagio zilizopakwa rangi ya njano ili ziwe lile taji la ndege wa bendera yetu. Jumapili mtu aliingia ndani yake, na sisi watoto tukasahau kwamba jana yake lilikuwa vazi tu.

Baba alikuwa askari magereza. Tuliishi kwenye kota pamoja na familia zilizotoka kila upande wa kaskazini na mashariki, na kwa kuwa hapakuwa na lugha moja ya nyumbani iliyoutosha ua mzima, tulikuzwa kwa Kiswahili. Watoto wa mjini walipotusikia walipunguza sauti. Wazazi wao walikuwa wamewaambia kwamba hiyo ni lugha ya watu wenye bunduki, nasi, kwa ujinga wetu, tulifurahia kuogopwa. Bustani tuliingia bure, maana wafungwa ndio walioletwa kufyeka nyasi zake na meneja hakutaka kuwaudhi walinzi wao. Lakini kuingia si kupanda. Ile bembea kubwa ya kuzunguka, yenye viti vilivyoning'inia kwa minyororo, ilikuwa ya wenye tiketi. Sisi tulisimama chini tukitazama soli za viatu vya wengine zikipita juu ya vichwa vyetu.

Njia ya kupanda bila tiketi ilikuwa moja tu. Saa tisa alasiri korongo alipanda juu ya kijukwaa cha saruji, akalaza fimbo nyuma ya shingo, akatandaza mabawa juu yake, akasimama. Meneja alipuliza filimbi na watoto wakaanza kuhesabu kwa sauti. Mtoto ambaye angemfanya atikisike kabla ya mia angepanda bembea mpaka jioni. Ilikatazwa kumsukuma wala kumpiga. Mengine yote yaliachwa kwetu. Walimtekenya kwa majani ya mchaichai, wakampulizia tarumbeta za plastiki masikioni, wakammwagia maji ya barafu, wakamning'inizia panya aliyekufa mbele ya mdomo. Hakutikisika. Watoto wa mjini walimwita Korongo. Sisi wa kota tulimwita Afande, kwa kuwa hata baba zetu hawakuwahi kusimama hivyo langoni.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tabia ya kutaka kila jambo liwe na sababu yake. Likizo ile ya mwisho wa mwaka niliweka daftari, nikaandika kila kilichojaribiwa na hesabu iliyofikiwa. Wenzangu walitazama mdomo na mabawa. Mimi nilitazama pembeni. Ndivyo nilivyogundua kwamba kila korongo aliposimama, ufagio wa chelewa uliegemea ukuta wa stoo, na yule mfagiaji aliyetusalimia kwa upole wakati wa kuingia hakuonekana popote. Alikuwa mwanamume mwembamba wa makamo aliyeitwa Mafabi. Jumatatu iliyofuata, nikitumwa maziwa, nilipitia nyuma ya stoo nikamwambia kwamba ninajua. Hakukana. Aliweka kidole mdomoni, akacheka bila kutoa sauti.

Nilimuuliza anawezaje. Akaniambia kwao ni Busiu, huko karibu na Mbale, na kwamba huko mwanamume hazaliwi, husimamishwa. Kijana wa kutahiriwa hupakwa unga na udongo, huletwa uani mbele ya ukoo na wapita njia, hushika fimbo na kutazama mbali wakati kisu kinafanya kazi yake.

"Ukipepesa jicho tu, binti yangu, jina yako imeharibika mpaka kwa wajukuu," alisema. "Mimi sikupepesa. Sasa majani ya watoto itanifanya nini?"

Alikuwa akizungumza huku akishona kwa sindano ya magunia. Pale mguu wa kitambaa ulipoungana na gambuti, kwenye kisigino cha kushoto, uzi ulikatika kila wiki na kuacha tundu la kupitisha vidole vitatu. Akasema hapo tu ndipo vazi linapomshinda. Akasema pia, bila kulalamika, kwamba meneja amemwonya: siku atakayotikisika, arudi kwao. Alinieleza yote hayo kwa sababu nilimuuliza kwa adabu na nikasubiri jibu. Tangu hapo nimewahoji watu wengi, na bado naona hivyo ndivyo siri zinavyotoka. Mtu aliyezoea kutoulizwa chochote, akiulizwa mara moja kwa upole, hufungua mlango wote.

Sikumwambia Akello kwa nia mbaya. Nilimwambia kwa sababu nilijua jambo ambalo yeye hakulijua, na kwa mara ya kwanza alinisogezea nafasi kwenye mkeka wao. Akello alikuwa binti wa sajini, amenizidi miaka mitatu, na kota nzima ya watoto ilimfuata. Nilimweleza ni nani aliye ndani, kwa nini hatikisiki, na wapi pamefumuka. Alinisikiliza kama baba yake anavyosikiliza taarifa ya zamu.

"Kama alivumilia kisu, sisi tunapoteza majani bure," alisema. "Tumtafutie kitu chenye meno."

Jumamosi mvua ilinyesha, na Jumapili asubuhi siafu walikuwa wakihama nyuma ya vyoo vya kota, mstari mweusi mpana kama mkanda wa askari. Tuliwachota kwa vijiti tukawatia kwenye mkebe wa maziwa ya unga. Mfuniko niliushika mimi. Nilihisi wakigongagonga chini ya kiganja changu njia nzima hadi bustanini, kama nimebeba mvua kidogo.

Filimbi ilipulizwa. Sisi wa kota ndio tuliokuwa na sauti kubwa, kwa hiyo hesabu ilikwenda kwa Kiswahili na watoto wa mjini wakatufuata. Kwenye ishirini Akello aliinama nyuma ya kijukwaa kama mtu anayefunga kamba ya kiatu. Alipoinuka mkebe ulikuwa mtupu. Kazi yangu ilikuwa kusimama mbele na kutazama, nami niliifanya. Kwenye thelathini na tano niliona kitambaa cha shingo kikiloa. Kwenye hamsini tone lilidondoka kutoka chini ya mdomo wa korongo, likafuatwa na jingine. Mabawa hayakushuka. Fimbo haikuinama. Tulipandisha sauti, sabini, themanini, tukipiga makofi kwa kila namba, na watoto wasiojua lolote walipiga makofi kwa nguvu kuliko sisi. Kwenye mia meneja akapuliza filimbi. Korongo akainamisha kichwa kuaga kama kawaida yake, akashuka, akatembea hadi stoo. Hakukimbia.

Akello alitema mate. "Huyu si mtu," alisema, na kila mmoja akakubali, maana ilikuwa rahisi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu; sisi tulikuwa tumemtazama ndege miezi mingi kiasi kwamba binadamu hakutujia akilini hata pale nilipokuwa nimeshalitaja jina lake.

Nilimfuata Mafabi. Mbao za stoo zilikuwa na nyufa. Alikuwa amekaa juu ya gunia, kichwa cha korongo bado hajakivua, gambuti moja pembeni, akichomoa siafu mmoja mmoja kutoka kwenye mguu. Wengine walikatika, miili ikatoka, vichwa vikabaki vimeuma. Hakutoa hata mguno. Mabega yake tu, chini ya manyoya ya sponji, yalikuwa yakitikisika, na hapakuwa na mtoto wa kudai bembea. Nilirudi kwa wenzangu. Waliponiuliza nimeona nini nikasema stoo imefungwa. Hiyo ilikuwa taarifa yangu ya kwanza ya uongo.

Jumapili iliyofuata hakuja. Walisema mguu umevimba hadi gotini. Meneja alimtia ndani ya vazi mtu mwingine, akatikisika kwenye saba, na mtoto wa duka moja la mjini akapanda bembea hadi jua likazama. Wiki ya tatu nilimwona Mafabi langoni, ameegemea fimbo, akiambiwa kwamba wakati yeye amelala wengine wamefanya kazi, na ufagio pia umepata mwenyewe. Hakubishana. Nilikuwa hatua kumi kutoka pale, nikiwa na daftari langu. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kusimama hadi mia. Mchezo ukaachwa, panya wakalila vazi.

Sasa bustani ina wamiliki wapya, rangi mpya na ukurasa mtandaoni, na wametangaza swali: je, korongo wa zamani arudishwe? Mimi naishi Nabuyonga, mjini Mbale. Baba alihamishiwa huku nikiwa bado shuleni, na redio ndiyo iliyonipa mshahara wangu wa kwanza na inayonilisha hadi leo. Swali lile liliwekwa kwenye kipindi changu cha asubuhi. Simu hazikukatika. Mwanamume mmoja wa Jinja, mwenye sauti ya kushiba, alisema: "Dada mtangazaji, yule afande tulimfanyia kila kitu na hakushtuka. Rudisheni. Watoto wetu nao wajue raha tuliyokula." Mwanamke akapiga simu akilia kidogo, akisema huo ndio utoto wake. Nilihesabu kwa mazoea yangu: kati ya wote waliopiga asubuhi ile, hakuna aliyeuliza ndani alikuwa nani. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Kutoka Nabuyonga hadi Busiu si safari. Ni kipande cha barabara ya Tororo ambacho nimekipita mara nyingi nikienda kuhoji wakulima, na miaka yote hiyo sikuwahi kushuka kwa ajili ya Mafabi. Safari hii nilishuka. Nilielekezwa nyumbani kwa mzee anayechechemea, nikamkuta uani akipukuchua mahindi na mkewe. Nilipomwambia mimi ni yule mtoto wa kota aliyepita na maziwa, uso wake ulifunguka, akanivutia kiti, akaniita binti yangu vilevile. Nilimuuliza kuhusu korongo. Hakusita.

"Arudi," alisema. "Watoto wa sasa nao waone mtu anasimama. Mimi nilisimama mara mbili katika maisha yangu. Mara ya kwanza hapa kwetu. Mara ya pili siku siafu walipanda ndani ya gambuti. Sijui walitoka wapi, labda mvua. Niliona naanguka, haki ya Mungu. Halafu nikasikia nyinyi watoto mnahesabu, mnapiga makofi. Kama vile wajomba zangu walivyonishangilia. Nikasema, hawa hawataki nianguke. Nyinyi ndio mulinisaidia nikafika mia."

Mkewe alitikisa kichwa kama mtu aliyeisikia hadithi hiyo mara nyingi na hajachoka nayo. Ningeweza kuaga hapo. Lakini nilikuwa nimekwenda kusema, na nikasema: tundu la kisigino, Akello, mkebe, mfuniko chini ya kiganja changu. Nilieleza kwa mpangilio, kama habari. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu, lakini yeye alikuwa ameishi miaka yote akiamini kwamba kilichokuwa nguoni mwake siku ile kilikuwa mvua na bahati mbaya. Aliendelea kupukuchua hadi gunzi likabaki tupu, kisha akaendelea kulipapasa.

"Basi mlikuwa mnahesabu ya bembea," alisema.

Alimgeukia mkewe akamwambia mgeni apewe chai. Niliinywa. Nilipomuuliza tena, kwa sauti ndogo, kama bado anaona korongo arudi, alitazama mbali, juu ya paa la jikoni, macho yake yakatulia huko.

"Hiyo uwaulize wanaohesabu, madam," alisema.

Hakuniita binti tena, hata wakati wa kuaga.

Korongo amerudi. Niliandika kwa wenye bustani nikieleza kila kitu. Wakanishukuru kwa kumbukumbu nzuri. Nilikwenda Jinja siku ya uzinduzi. Vazi jipya limeagizwa kutoka nje, taji lake linameta, na kijukwaa kimewekwa vigae. Zamani tulihesabu kwa Kiswahili cha kota na tukaogopwa. Sasa wanahesabu kwa Kiingereza cha shule, simu zimeinuliwa, na anayemtikisa korongo anapewa soda na picha. Hilo ndilo lililobadilika. Nilizunguka nyuma, na kabla sijajua ninachotafuta, macho yangu yalikuwa yameshuka kwenye mishono. Kisigino kilikuwa kizima. Zipu ya mgongoni, juu kidogo ya mkia, ilikuwa imeachia, imefungua nafasi ya kupitisha ngumi ya mtoto, na ndani yake niliona fulana iliyolowa.

Nilisogea nikasimama hapo, mgongo wangu kwenye mgongo wake. Nilihisi joto lake na pumzi zake fupi. Msichana mmoja mwenye chupa ya maji ya barafu alinitazama kuanzia juu hadi chini.

"Auntie, toka hapo," alisema. "Unatuziba."

Walikuwa wamefika sitini na mbili.