Gesti hewa iliyowekwa nyumbani kwangu Gongoni

Wakuu, habari za majukumu. Hii sikusimuliwa, imenikuta mwenyewe, na sina sababu ya kuitia chumvi.

Mimi ni mstaafu, nakaa Gongoni hapa Tabora. Mama watoto alishatangulia mbele ya haki, watoto wako Dar na Mwanza na maisha yao. Nyumba ina vyumba vinne, mkaaji mmoja. Siku nyingine sauti pekee ndani ni ya redio.

Mwaka jana watu wakaanza kunigongea.

"Shikamoo mzee, gesti ni hapa?"

Gesti gani tena? Wakanionyesha simu. Kwenye ramani ya mtandaoni nyumba yangu ina jina la gesti, picha za vitanda nisivyovijua, na namba ya simu nisiyoijua. Walishatuma advance ya chumba kwenye namba hiyo, na sasa wakipiga haipokelewi.

Niliudhika sana. Lakini kwetu mgeni hafukuzwi mlangoni. Nikawa nawaketisha barazani, nawapa kahawa na karanga, tunapiga soga, kisha nawasindikiza hadi gesti ya kweli.

Niseme ukweli wakuu, nilianza kuwasubiri. Ikifika alasiri nachemsha birika kubwa kabla hajaja mtu.

Siku moja wakaja mume na mke kutoka Ulyankulu, wamemleta mama yao hospitali. Bibi wa watu hata kusimama hawezi, na akiba yao imeishia kwenye namba ile. Nikamuuliza yule dada, mbona mliamini?

"Baba, tulisoma reviews. Watu wanakusifia wewe."

Akanisomea. "Mzee mkarimu sana, nyota tano." "Kahawa yake usipime." Na picha ya baraza langu, mimi mwenyewe nimo, nacheka.

Wageni wangu walikuwa wananishukuru kwenye ukurasa wa tapeli!

Nikawapa chumba, bibi akalala. Kisha nikampigia mpwa wangu wa Dar, anafanya kazi za mitandao.

Akanielewesha kwamba hizi search engine, mitambo ya kutafutia vitu mtandaoni, zinanusa biashara hewa kwa vitu vidogo. Namba moja kutumika miji mingi. Sifa kumiminwa kwa mpigo na akaunti zilezile zilizosifia saluni Arusha na gereji Mbeya. Mwenye biashara akidaiwa video ya bango na mlango wake, hana. Hapo inashushwa chini au inafutwa, na akaunti inafungiwa.

"Sasa mjomba, kwako watu wanafika kweli na wanapiga picha za kweli. Mtambo unaona gesti iko hai."

Nilijua nikiiripoti nafunga nini.

Nikaripoti, nikaweka na picha ya mlango wangu. Haikuchukua muda, ikatoweka, pamoja na nyingine zote za namba ile.

Funzo: usiamini nyota peke yake, soma maneno yote, na usitume hela kabla hujafika. Na ukitapeliwa andika kwamba umetapeliwa, hata kama mzee wa mlangoni alikupa kahawa. Shukrani mpe kwa mdomo.

Leo nimeichungulia tena ile ramani. Pale kwangu hakuna kitu, na safari hii inasema kweli. Birika kubwa nimelirudisha kabatini.

Nani mwingine yamemkuta? Andikeni hapa chini, hata kama ni salamu tu. Nipo, nitawajibu wote.