Fundi Dishi na Waya wa Bintiye

Saa tatu asubuhi fundi yuko juu ya paa la mshona nguo, spana mkononi, anafungua nati alizozikaza mwenyewe miaka kumi na mmoja iliyopita. Mteja wake wa siku nyingi anahamia televisheni ya waya. Na anayeuvuta waya huo, juu ya nguzo iliyo mbele ya nyumba, ni binti yake wa kumzaa.

"Angekuwa mtu mwingine ningenuna," anasema, akijifuta jasho. "Huyu nitamnunia vipi?"

Mtaani wanamwita Fundi Dishi. Ana miaka hamsini na mitatu. Zamani alifunga madishi sita kwa wiki. Siku hizi akipata mawili kwa mwezi anashukuru. Kampuni ya waya inatafuta mafundi, na mwisho wa kujiandikisha ni leo jioni. Fomu imelala mfukoni mwake siku nne, haina hata jina.

Kazi ya dishi ni ya watu wawili. Yeye juu analisogeza kwa upana wa kidole, mwenzake ndani anatazama televisheni na kuita, "Bado, bado, imekuja!" Kwa miaka mingi sauti hiyo ilikuwa ya binti huyu. Ndiye anayekumbuka siku baba yake alipoelekeza dishi angani kupitia matawi ya mti uliopukutika majani. Mvua zilipokuja mti ukachipua, picha ikapotea, na fundi akalaumu king'amuzi siku tatu kabla ya kuinua macho.

Kuhusu kipi bora zaidi, dishi au waya, wawili hawa hawaelewani. Binti anasema dishi linapokea tu, halijibu. Waya unapeleka na kurudisha, ndiyo maana mteja anaweza kusimamisha mpira akaenda kuepua sufuria, na intaneti ikaja humo humo. Baba anakubali shingo upande, kisha anauliza waya wenyewe unaishia wapi. Kule bondeni hakuna nguzo hata moja, na dishi linaonyesha vizuri tu.

"Huko tutafika, baba," binti anajibu. "Ila watakaofika ni waliojiandikisha."

Waya unapounganishwa, mita ya mkononi ya kupimia mawimbi inamwambia binti kila kitu. Hahitaji mtu wa kuita. Hata hivyo anamwomba baba yake aingie ndani amwangalizie. Fundi anasimama sebuleni mbele ya televisheni.

"Imekuja!" anapaza sauti.

Kisha anaomba kalamu. Mshona nguo anampa kwanza chaki ya kuchorea vitambaa, wanacheka, na fomu inajazwa juu ya meza ya cherehani.

Mpango wake ni kujifunza waya siku za kazi, na Jumapili kufunga madishi bondeni. Dishi la mshona nguo tayari limepata mnunuzi huko.

"Ila nitahitaji mtu wa ndani," anasema, akimtazama bintiye.

"Jumapili sina kazi, baba," binti anamjibu, akikunja ngazi.