Bomba la Maji la Baba Mkwe

Mdogo wangu ni fundi wa mabomba ya moshi ya magari, na mtaa mzima unamwita Cheche. Jina hilo kalipata kazini tu, maana kwa tabia ni mpole kupita kiasi. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi. Ukali wote wa nyumba yetu niliubeba mimi, na namshukuru Mungu, kwa sababu bila huo nisingeweza kuuza chai na maziwa katikati ya mafundi wanaotukana hadi nati.

Kibanda changu kinatazamana na gereji yake. Nikiwa jikoni kwangu namwona amelala chini ya gari, miguu nje, grenda ya kukatia chuma inalia, na mabomba yake yameegemea ukutani. Kuna ya chuma cheusi, ambayo ni rahisi kukata na kuchomelea, ila kutu huyala mapema. Kuna yaliyopakwa alumini, yanayostahimili joto na kudumu zaidi. Halafu kuna ya stenlesi, chuma kisichojua kutu, ambacho wateja hukishika, hukisifu, huuliza bei, kisha hukirudisha ukutani taratibu kama wanalaza mtoto.

Zamani ukutani hapo palikuwa na bomba jingine, lile la maji, la chuma kilichopakwa zinki. Linang'aa, halipatwi na kutu upesi, na bei yake haimtishi mtu. Wateja walilipenda mno. Shida yake ni kwamba ukilitia moto, ile zinki inageuka moshi mweupe, na fundi ndiye anayeuvuta. Jioni mdomo unakuwa na utamu wa ajabu kama amelamba sarafu, halafu baridi inaingia, halafu homa, meno yanagongana mpaka wifi yangu anamlundikia mablanketi yote ya nyumba. Kesho yake anaamka macho mekundu, anatembea kwa kushika kuta.

Dawa ya mafundi kwa moshi huo ni maziwa, kikombe kabla ya kazi na kikombe baada. Wanasema maziwa yanabeba sumu na kuishusha chini. Mimi ndiye niliyekuwa nawauzia, na niliwaambia kila mara kwamba maziwa yanatibu njaa tu. Walicheka, wakanywa, wakarudi kwenye moshi.

Siku moja homa ilikataa kushuka, tukampeleka hospitali. Daktari alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akamwambia bila kuzunguka: mapafu yako yamechoka, ukiendelea na moshi huu, safari ijayo huenda usiinuke. Wifi alilia pale pale. Mimi sikulia, nilimfokea mgonjwa mpaka nesi akanitoa nje. Mdogo wangu aliporudi kazini aliyatoa mabomba yote ya maji ukutani, na kila mteja aliyeyataka alijibiwa kwa upole kwamba hayapo. Wengine walihamia kwa mafundi wengine. Tukasema waende salama.

Sasa niwaeleze habari za baba yake wifi, maana ndiye aliyetaka kutuharibia. Mzee huyo alikuwa fundi wa mabomba ya maji maisha yake yote, mtu wa kola iliyonyooka na maneno ya kuhesabu. Hakumpenda mkwe wake, na sababu yake niliijua. Kila palipokuwa na kikao cha ukoo upande wao, mdogo wangu ama hakutokea, ama alitokea macho mekundu, anatetemeka, anapepesuka mlangoni. Mzee alihitimisha kwamba binti yake ameolewa na mlevi. Hakusema neno. Alikuwa anasogeza kiti chake tu, akampa kisogo.

Wifi alitaka kumweleza baba yake ukweli. Mumewe akamkatalia katakata.

"Mlevi anaweza kuacha," alimwambia mbele yangu. "Lakini nani anataka binti yake akae na mtu mwenye kifua kibovu? Muache aamini hivyo hivyo."

Nilimwambia ana akili za kuku. Alikubali, halafu hakubadilisha kitu.

Basi asubuhi moja nakoroga chai, naona gari la mzee linaingia gereji, linanguruma kama trekta. Bomba la moshi lilikuwa limekatika katikati. Mzee alishuka, akamsalimia mkwe wake, halafu akafungua mlango wa nyuma na kutoa kwa mikono miwili bomba la maji, refu, jipya kabisa, limefungwa kwa gunia. Nilidondosha kijiko.

"Hili nililinunua nikiwa bado kazini," alisema. "Nimefunga mabomba ya namna hii kwenye nyumba za watu mpaka leo hayajavuja. Nimelitunza muda wote nikisubiri kazi ya maana. Sasa nataka unitengenezee ekzosi, toka injini mpaka nyuma. Nimekuletea wewe."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyommaliza mdogo wangu. Tangu aoe, mzee hakuwahi kumkabidhi hata baiskeli. Na usimlaumu mzee kwa kutojua. Fundi wa maji huunga mabomba kwa kuyakata hesi, ile mistari ya skrubu, na kuyakaza kwa spana, hayatii moto. Alikuwa ameishi na zinki hiyo maisha yote bila kuuona moshi wake hata mara moja.

Nilivuka barabara na kilemba changu kimekaa upande. Nilimvuta mdogo wangu nyuma ya mashine ya kuchomelea.

"Mwambie hapana."

"Dada, siwezi."

"Daktari alisemaje?"

"Ni gari moja tu."

"Kona za gari hili unazijua? Utakata vipande na kuunga kutwa nzima. Moshi wote huo utaupeleka wapi?"

"Dada," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana, "nikilikataa bomba lake, atasema mlevi amekosa nguvu ya kazi. Hatarudi tena. Na mke wangu atakuwa hana baba."

Nilimwonea huruma, na wakati huo huo nilitamani kumpiga kwa lile bomba.

Alilikata bomba vipande. Alizisaga ncha kwa grenda kupunguza zinki, lakini alijua na mimi nilijua kwamba ndani imebaki. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti karibu kabisa, mikono magotini, anatazama kazi kwa macho ya fundi. Kisha mdogo wangu akanigeukia na kuinua kidole kimoja, ile ishara yetu ya zamani. Anataka kikombe.

Nilikileta. Maziwa yalimwagikia kwenye sahani kwa haraka yangu.

"Unakunywa chai sasa hivi?" mzee aliuliza. "Si ndiyo kwanza unaanza kazi?"

"Ni maziwa, baba," mdogo wangu alijibu.

"Ya nini?"

Mdogo wangu aliangalia chini. Nikaona hapa nikinyamaza nitakuwa nimemzika mwenyewe.

"Ya sumu, mzee," nilisema. "Hilo bomba lako likipata moto linatoa moshi wa sumu. Wanakunywa maziwa wakidhani yatawasaidia."

Mzee alimtazama mkwe wake, akanitazama mimi, akalitazama bomba.

"Kazi gani hiyo, mtu anakunywa dawa kabla hajaugua?"

Basi mdomo wangu ukakata breki. Nilimwambia yote: homa, mablanketi, daktari, vile vikao vya ukoo alivyokosa na vile alivyofika akipepesuka. Mdogo wangu alikuwa ananikonyeza ninyamaze, nikajitia hamnazo. Nilipomaliza, mzee alikuwa akisugua magoti yake.

"Mimi nilidhani unakunywa," alisema hatimaye.

"Nakunywa, baba," mdogo wangu alimjibu. "Maziwa."

Sikujua kama ni ruhusa kucheka. Mzee ndiye aliyeanza, kicheko kifupi kama kikohozi, kisha akaacha ghafla na kushika paji la uso.

"Na binti yangu alijua?"

"Mimi ndiye niliyemkataza kusema. Nisamehe, baba."

"Ungekufa chini ya gari langu," mzee alisema, "na mimi nimekaa hapa nakuangalia. Halafu ningemwambia nini mtoto wangu?"

Aliinuka, akavikusanya vile vipande kimoja kimoja na kuvifunga kwenye gunia lake. Sikuwahi kufikiri kwamba nitamhurumia yule mzee, lakini nilimhurumia. Kisha akasogea ukutani.

"Haya, nielekeze. Hili jeusi je?"

Mdogo wangu alifuta mikono, akaeleza kama anavyomweleza mteja yeyote. Jeusi halina madhara kwake akichomelea mlango ukiwa wazi, ila halitamaliza mwaka kabla ya kuanza kutoboka. La alumini litastahimili miaka, zile ncha anazisafisha kwanza. La stenlesi litalizika gari lenyewe.

"La stenlesi nitakufungia mimi kama zawadi, baba," alimalizia. "Hutasumbuka tena kuja huku."

Mzee alilishika lile la stenlesi, akaligonga kwa ukucha, akalisifu. Halafu akalirudisha na kuchukua jeusi.

"Nifungie hili."

"Lakini baba, hili litakurudisha hapa kabla hata mwaka haujaisha."

"Nimesikia," mzee alisema. Alivuta kiti chake, akakisogeza karibu na mdogo wangu, akakaa. "Nifungie hili."

Mdogo wangu alivaa barakoa yake ya kuchomelea kabla hata hajawasha mashine, na alikaa nayo usoni muda mrefu bila kufanya kazi yoyote.