Annet, mkaguzi aliyeikataa ramani yake mwenyewe

Saa mbili asubuhi, nje kidogo ya Gurei, magharibi mwa Juba, Annet Kiden anasimama ndani ya mtama uliompita kimo. Anatazama simu inayomwonyesha mahali alipo, anaandika "shamba", anapiga picha pande nne, kisha anasonga hadi alama inayofuata. Leo ana alama ishirini na sita.

Kazi yake ni kuhakiki picha za satelaiti. Ofisini, kompyuta husoma rangi za picha hizo na kuigawa ardhi: msitu, maji, shamba, makazi, pori. Annet, mwenye umri wa miaka 34 na aliyelelewa Arua, Uganda, huenda kuona kama imesoma sawa.

Mwaka juzi haikusoma sawa, naye hakwenda. Njia ilikuwa tope tupu na ripoti ilikuwa inasubiriwa. Akakubali eneo hili liandikwe "pori lisilotumika".

Alipofika hapa miezi mitatu baadaye, vigingi vya viwanja vipya, vilivyogawanywa kwa kufuata ramani hiyo, vilikuwa vimeshapigwa. Mkulima mmoja, Fulgensio Lado, alimpeleka hadi kwenye kigingi kilichosimama katikati ya karanga zake.

"Aliniambia, 'Dada, mimi iko hapa na watoto saba, nalima hapa, kalas, basi. Hiyo satelaiti yako haikuona sisi?'" anakumbuka Annet. "Picha ilipigwa Februari, mtama umeshavunwa, nyasi zimechomwa. Lakini sahihi ilikuwa yangu."

Kesho yake alimweleza msimamizi wake, Alier, kwamba ramani ina kosa na kosa ni lake.

"Nilikasirika sana," anakiri Alier. "Nikamuuliza kama anajua tutapoteza mkataba wa kuchora ramani hizi. Akasema anajua."

Annet alitafuta picha za Agosti, akazilinganisha na zile za Februari, kisha akatembea siku kumi na moja. Alikuta kaya 43 zinazolima. Ramani ikarekebishwa, vigingi vikang'olewa.

Mkataba kweli haukuongezwa. Kwa miezi minne Annet alikaanga chapati za kuuza nyumbani kwake, mtaa wa New Site, hadi Alier mwenyewe alipompigia simu arudi.

Sasa anaandaa mafunzo kwa wakulima thelathini wa huku, wengi wao wanawake, wajue kuweka alama za mashamba yao kwa simu kabla ya mvua za Aprili.

"Nataka siku mtu akija na ramani," anasema, "waichukue wenyewe, waiangalie, wamwambie: hapana, hapa tunalima."