Karatasi Iliyosema Hana Ugonjwa

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ya sabini mwanzoni, Mganga wa Wilaya alinikalisha mbele ya hadubini pale Mpanda akanionya: "Malale yana ujanja. Leo huoni kitu, kesho unaona. Mgonjwa mmoja, siku tatu." Nikaitikia ndiyo mzee. Nilikuwa nimetoka kozi ya maabara, kichwa kimevimba, najiona najua kuliko yeye.

Nyie vijana kazi ile hamuijui. Unamchoma mtu kidole, unaweka tone nene la damu kwenye kioo, linakauka, unalitia rangi, kisha unatafuta kijidudu chenye mkia kinacholetwa na ndorobo, yule mbung'o wa porini. Macho yanawaka moto. Nilianzia Karema, nikahamishiwa kituo kimoja upande wa Mpimbwe ambacho sitakitaja. Mkuu wangu huko, Mganga Msaidizi, alitaka foleni iishe kabla ya chakula cha mchana. Basi nami nikawa napima mara moja tu.

Mama mmoja akamleta mumewe, mrina asali. "Daktari, huyu ana malale," akasema. "Tonge liko mkononi, yeye anasinzia. Baba yangu alikufa hivihivi."

Nikapima, sikuona kitu. Nikaandika kwenye karatasi, hana ugonjwa, nikagonga muhuri. "Mama, wewe na hadubini nani anaona zaidi?" nikamwambia. "Nendeni mkasali." Nilisema kwa dharau, naona aibu hadi leo.

Walisali kweli. Mume akafa kabla ya mavuno. Shemeji yake yule mama alikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima, ndiye aliyewasomea ndugu karatasi yangu kwa sauti. Hospitali imesema hana ugonjwa. Kama hana ugonjwa, basi karogwa. Na aliyekuwa akimpikia ni nani? Wakamfukuza mkewe, watoto wakabaki nao.

Alikuja kwangu kwa miguu. "Daktari, andika tu kwamba alikuwa mgonjwa. Nikawaonyeshe, nirudi kwa wanangu."

Nilijua kosa ni langu. Lakini nikiandika, Mganga Msaidizi ataniuliza mbona nilipima mara moja, na kibarua kitaota nyasi. Nikajibu, "Mama, siwezi kuandika kitu ambacho sikukiona."

Akanitazama. "Hukuona kitu, ukaandika. Mimi nimemuona akifa, huandiki?"

Nikaita mgonjwa anayefuata.

Sasa nimestaafu, nakaa Nsemulwa. Kanisani na kwenye vikao vya shule nasikia watu wakisema kwamba msomi haamini uchawi, na kwamba mashine zitaumaliza. Huwa nanyamaza. Yule mama nilikuja kumtafuta nikiwa na nywele nyeupe tayari, na kalamu mfukoni, nikaambiwa amekwisha kufa ugenini. Nikamfuata mwanawe mkubwa, mtu mzima mwenye wajukuu, nimweleze ukweli. Hakunijua. Nilipomtaja mama yake tu, kabla sijaeleza lililonileta, akasema, "Mama yetu alikuwa mchawi, mzee. Hata hospitali ilithibitisha."

Nikampa pole, nikaenda zangu.